Tunapima Uzito, Hatupimi Breki

Kila lori linapoteketea katika barabara zetu, maneno ya kwanza kusemwa ni yaleyale: ajali haina kinga. Huyasema kiongozi aliyefika kutoa pole, huyasema mtangazaji wa redio, huyasema jirani msibani. Ni maneno ya faraja, na sina ugomvi na faraja, kwa maana mfiwa anahitaji kuambiwa neno. Ugomvi wangu huanza pale maneno ya msibani yanapohamia ofisini, yakakaa juu ya meza ya mtu ambaye kazi anayolipwa kuifanya ni kinga, naye akayatumia kama jibu.

Tuanze na lile tunalolikumbuka sote. Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, asubuhi, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu, mjini Morogoro, si mbali na kituo kikuu cha mabasi. Watu wakakimbilia kuchota petroli iliyokuwa ikimwagika, na moto ukalipuka wakiwa palepale. Makumi walikufa siku hiyohiyo. Majeruhi walipelekwa hospitali ya mkoa na wengine Muhimbili, na katika siku na wiki zilizofuata idadi ya waliofariki iliendelea kupanda hadi ikavuka 100. Rais John Magufuli alitangaza siku tatu za maombolezo ya kitaifa. Wengi wa marehemu walizikwa katika makaburi ya Kola, baadhi yao wakiwa hawatambuliki hata na mama zao.

Miezi michache baadaye, chuo kilipofunguliwa, niliwapa wanafunzi wangu wa semina msiba ule kama mada ya majadiliano. Darasa liligawanyika kama taifa lilivyokuwa limegawanyika. Upande mmoja ulisema ni umaskini: mtu haweki roho yake rehani kwa dumu la petroli kama ana njia nyingine. Upande wa pili ulisema ni tamaa na kukosa elimu, kwa kuwa miongoni mwa waliokuwapo walikuwamo watu wenye kazi na wenye pikipiki zao. Walitupiana hoja kwa saa nzima, na hoja nyingine zilikuwa nzuri sana. Karibu na mwisho, msichana mmoja aliyekaa nyuma, ambaye hakuwa msemaji, aliinua mkono akasema, “Dokta, hilo lori lenyewe hatujalizungumzia.”

Alikuwa amesema kweli. Tulikuwa tumewachunguza waliokufa kwa saa nzima, tukawapima tabia, elimu na kipato chao, na hakuna aliyeuliza lolote kuhusu chombo kilichobeba moto hadi mlangoni pao. Wala si darasa langu peke yake. Ndivyo tulivyozungumza Sachangwan, nchini Kenya, ilipoungua tarehe 31 Januari 2009 na kuua zaidi ya watu 100. Ndivyo tulivyozungumza Sange, katika Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010, walipokufa zaidi ya watu 200. Kila mara mjadala ulianzia kwenye ndoo na dumu, kana kwamba mafuta hayo yalichimbuka hapohapo ardhini.

Kuna tukio moja linaloivunja hoja hiyo ya ndoo. Usiku wa tarehe 10 Desemba 2016, eneo la Karai karibu na Naivasha, lori lililobeba kemikali inayowaka liliacha njia yake, likayagonga magari mengine na kulipuka. Watu wapatao 40 walipoteza maisha, miongoni mwao maofisa 11 wa kikosi maalumu cha polisi wa Kenya. Hawakuwa wameshika madumu, na hapakuwa na tamaa ya kuwalaumu nayo. Walikuwa wasafiri waliokaa katika magari yao, barabarani, mahali ambapo kila mmoja wetu hukaa. Karai inatulazimisha kuuliza swali la yule msichana: lori lenyewe je?

Nimejaribu kulijibu swali hilo kwa namna ninayoiweza, yaani kwa kuuliza watu. Kazi yangu hunipeleka mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini kuwakagua wanafunzi walio katika mafunzo kwa vitendo, na anayepita barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900, hupita katikati ya shule ambayo haina uhaba wa walimu. Mwalimu mmoja wa aina hiyo nilimkuta Ruaha Mbuyuni, chini ya mlima Kitonga, kando ya wauza vitunguu. Alikuwa ameshuka Kitonga na shehena ya shaba kutoka Zambia kwenda bandarini. Hewa ilikuwa na ile harufu kali ya breki zilizochoka, na yeye alikuwa akizunguka gari lake polepole, akikaribisha mgongo wa kiganja kwenye kila gurudumu bila kuligusa.

Nilimwamkia, “Shikamoo mzee,” akaitikia bila kugeuka, akaendelea na gurudumu lililofuata. Alipomaliza ndipo alipoketi kwenye kivuli cha tela na kunieleza alichokuwa akikitafuta.

Breki, alisema, haiui mwendo wa gari bali inaugeuza mwendo kuwa joto. Gari lenye uzito wa tani 56 linaposhuka mlima, joto lote hilo lazima liende mahali, na linakwenda kwenye ngoma za breki. Dereva anayejua kazi yake hushuka kwa gia nzito, akaiacha injini imshikilie, na breki akaigusa kwa vipindi. Lakini breki za kila gurudumu lazima zifanye kazi sawasawa. Mfuko wa hewa wa breki ukitoboka njiani na fundi akauziba ili safari iendelee, gurudumu lile limeondolewa kazini na mzigo wake umehamia kwa wenzake. Hayo yaliyobaki yanachemka. Breki iliyoganda na kuukumbatia mzunguko hufanya vivyo hivyo hata kwenye tambarare. Grisi ya ndani huyeyuka, joto hupanda kwenye rimu, kisha hufika kwenye tairi. Tairi mbili zilizopangwa pamoja, moja ikiwa haina upepo wa kutosha, husuguana hadi zinawaka bila hata breki kuhusika.

“Na tairi ikishika moto,” akasema, “ule mtungi mdogo wa unga unauzima kwa macho tu. Moto unalala, unaamka tena, kwa sababu mpira wenyewe bado una joto. Hapo unahitaji maji mengi. Mimi nina madumu mawili.” Akanionyesha, yamefungwa kwa kamba chini ya bodi.

Nikamuuliza kama gari lake lilikuwa limekaguliwa. Alicheka, si kwa dharau. “Limekaguliwa. Stika iko kwenye kioo cha mbele. Joto liko huku nyuma.”

Kisha akaniambia jambo ambalo limekaa nami kuliko yote. Alipenda kusimama nusu saa juu ya mlima kabla ya kushuka, azikague breki, na nusu saa nyingine chini, azipooze. Lakini gari lina kifaa kinachoonyesha ofisini mahali lilipo, na kila linaposimama mahali ambapo hapakupangwa, simu inalia: gari limesimama, kuna nini? Wanaogopa kuibiwa mafuta, akasema, na hawakosei, kwani wapo madereva wanaouza mafuta. “Lakini kifaa hicho hicho hakijawahi kunipigia simu kuniuliza breki zina hali gani.”

Tangu siku ile nimekuwa nikiitazama barabara hii kwa jicho jingine. Hebu tuorodheshe tunavyovipima. Tunapima uzito. Lori linaloelekea Tunduma hupanda mizani Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, Mpemba, na Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016 imeweka kikomo kwa tani na kwa ekseli. Tunapima kodi: mizigo inayopita kwenda nchi jirani hufungwa lakiri za kielektroniki ili isishushwe njiani. Tunapima mafuta yenyewe, ambayo huwekewa vinasaba ili ijulikane kama yamelipiwa ushuru au yamechakachuliwa. Mwenye gari anapima mahali gari lilipo, kila dakika. Vipimo vyote hivyo vinafanya kazi, na vinafanya kazi vizuri, kwa sababu nyuma ya kila kimoja yupo mwenye mali anayeogopa hasara. Lami ni mali ya serikali, ushuru ni mali ya serikali, shaba ni mali ya mteja, na dizeli iliyomo kwenye tangi la gari ni mali ya tajiri.

Breki zinamlinda nani? Zinamlinda dereva na utingo wake, mama anayeuza mahindi ya kuchoma kando ya mteremko wa Iwambi, abiria wa basi lililo mbele, watu wa Msamvu. Hawa hawana mizani yao. Katika safari zangu zote sijawahi kuona lori likipandishwa kwenye mashine ya kupima breki njiani, ingawa mashine hizo zipo duniani na hazihitaji zaidi ya dakika chache kwa gari ambalo tayari limesimama kwenye mizani. Nilichokiona ni askari akiomba leseni, akitazama pembetatu za tahadhari na mtungi wa zimamoto, kisha akiandika faini ya shilingi 30,000 kwa taa iliyokufa. Simlaumu askari huyo. Hakupewa chombo cha kuona joto, amepewa kitabu cha faini, na mtu hufanya kazi kwa chombo alichopewa.

Tofauti hii haitokani na uzembe wa mtu mmoja. Imo katika namna biashara yenyewe ilivyopangwa. Mwenye mzigo hampi kazi dereva. Humpa wakala, na wakala humpa kampuni yenye mkataba na magari mengi. Msimu ukiwa mzuri na magari yake yakiwa hayatoshi, kampuni hiyo humpa mzigo mwenye magari matatu, naye humpa dereva. Katika kila ngazi fedha kidogo hubaki na wajibu wote hushuka. Mkataba wa juu kabisa huwa mzuri, una kurasa za usalama, afya na mazingira, na umesainiwa katika ukumbi wenye kiyoyozi. Ukifika kwa dereva umekuwa simu moja: pakia leo, Alhamisi uwe mpakani. Mshahara wake ni mdogo, na riziki yake hasa iko kwenye posho ya safari. Kila saa anayoitumia kukagua gari ni saa anayoikata kwenye mfuko wake mwenyewe. Tumempa mtu mmoja kazi ya kutulinda sote, halafu tumemtoza faini kila anapoifanya.

Mwaka juzi nilipata simu kutoka kwa kijana niliyemfundisha. Alikuwa mwanafunzi makini, wa wale wanaosoma hata tanbihi. Baada ya kuhitimu alihangaika miaka miwili, kisha akapata kazi ya afisa usalama kwa mkandarasi mdogo anayesafirisha mizigo kwa niaba ya mkandarasi mkubwa. Siwataji, na majina yao hayaongezi kitu. Mkataba wa juu ulidai kila gari likaguliwe na fomu isainiwe kabla ya kupakia. Siku ya kwanza kazini alikabidhiwa rundo la fomu zilizokwisha kujazwa. Vipengele vyote, breki, tairi, nyaya, mtungi wa zimamoto, vilikuwa vimewekewa alama ya vema, kisha karatasi ikatolewa nakala. Mahali pa wazi palikuwa pawili tu: namba ya gari na tarehe.

“Nilidhani ni mzaha wa kumpokea mgeni,” aliniambia.

Alianza kukagua kweli. Kwa wiki kadhaa alivumiliwa. Jioni moja likaja tela ambalo mifuko yake miwili ya hewa ilikuwa imezibwa na mtungi wake wa zimamoto ukiwa na mshale uliolala kwenye nyekundu. Alikataa kusaini. Meneja alimwita, akamweleza kwa upole kabisa kwamba meli inasubiri, kwamba gari likichelewa kampuni inakatwa fedha, na kwamba yeye ameajiriwa ili kusaini. Alipokataa mara ya pili, mtu mwingine alisaini. Tela likaondoka usiku uleule.

Nilimuuliza, “Likapata ajali?”

“Hapana, Dokta. Lilifika salama.”

Hapo ndipo penye uchungu wa habari yake. Lingeungua, angekuwa shujaa. Kwa kuwa lilifika, akawa msumbufu. Asubuhi ya pili walimkumbusha mbele ya wenzake kwamba gari lake “la hatari” limekwisha shusha mzigo. Mkataba wake ulipokwisha haukuhuishwa. Alichonipigia simu kuniomba ni barua ya kumdhamini kwa mwajiri mwingine, na aliniomba, kwa sauti ya mtu anayeona aibu isiyo yake, nisiandike sababu ya kuondoka alikotoka. Barua niliiandika siku hiyohiyo, na sababu sikuiandika, maana mwenye maisha ni yeye.

Lakini habari yake inatufundisha kitu kuhusu ukaguzi ambacho vitabu vyetu vya utawala hukipita haraka. Gari bovu hufika salama mara nyingi sana. Linaweza kufika mara mia, na kila safari linapofika linaandika ushahidi wa uongo dhidi ya aliyelikataa. Kwa hiyo ukaguzi hauwezi kutegemea ujasiri wa mkaguzi. Mtu jasiri atashinda mara moja, mara ya pili atakuwa hana kazi, na mara ya tatu kalamu itakuwa mikononi mwa mtu mwingine. Kipimo cha kweli cha mfumo wa ukaguzi ni swali moja: ni nani mwenye mamlaka ya kusema gari hili haliondoki, na kesho yake akaingia kazini kama kawaida?

Shirika la Kazi Duniani lilikwisha lijibu swali hili mwaka 1981. Mkataba wake namba 155, ibara ya 13, unataka mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi anayoamini, kwa sababu za msingi, kuwa inahatarisha maisha au afya yake moja kwa moja, alindwe asidhurike kwa kufanya hivyo. Kanuni hiyo ni nzuri. Ila mtu hawezi kulindwa katika ajira ambayo haijaandikwa popote. Wasomaji wangu wa umri wa wanafunzi huenda hawakumbuki kwamba Aprili na Mei 2015 madereva wa Tanzania waligoma, na miji ikasimama. Wengi tunakumbuka kero ya kulala stendi, na tunakumbuka kwamba walipinga kulazimishwa kurudi shule ya udereva kila wanapohuisha leseni. Tunasahau kwamba dai lao jingine kubwa lilikuwa mikataba ya ajira. Tulilichukua kama dai la tumbo. Mimi naliona pia kama dai la usalama wa barabarani, kwa sababu mkataba ndicho kitu cha kwanza anachohitaji mtu anayetaka kusema hapana.

Najua pingamizi zitakazoletwa, na baadhi zina uzito. La kwanza ni kwamba madereva si malaika. Wapo wanaouza mafuta njiani, wapo wanaokesha kwa mirungi na pombe kali, wapo wanaopika kwa jiko la mkaa chini ya tela lenye mzigo unaowaka. Kweli tupu, na sheria iwashike. Lakini dereva mlevi na breki mbovu ni hatari mbili, na kuikamata moja hakuiponyi nyingine.

Pingamizi la pili ni la uchumi. Bandari ya Dar es Salaam inashindana na Beira, Durban, Walvis Bay na Lobito kuwania mzigo wa Zambia na Kongo, na tukiongeza kituo cha ukaguzi tunamfukuza mteja. Hoja hii ingenishawishi kama tusingekuwa tayari tunalisimamisha lori hilo kwenye mizani moja baada ya nyingine. Haiwezekani dakika za kulinda lami ziwe za lazima, na dakika za kulinda watu ziwe ukiritimba. Na barabara inapofungwa kwa nusu siku kwa sababu lori limepinduka na kuungua Kitonga, foleni ile ya magari yaliyosimama, abiria waliolala njiani na matunda yaliyooza, hiyo nayo ni gharama. Tofauti ni kwamba haiandikwi kwenye ankara ya mtu yeyote.

Pingamizi la tatu husema dawa ni reli na bomba. Naafiki nusu. Tulikwisha kujifunza hilo zamani: baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, mafuta ya Zambia yalibebwa kwa malori katika barabara hiihii ikiwa bado ya vumbi na tope, na ajali zikawa nyingi kiasi cha barabara kuitwa njia ya jehanamu. Bomba la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, na TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Vyote vinahitajika leo. Hata hivyo mafuta yakifika mwisho wa bomba au kwenye bohari bado yatapanda lori kwenda kituo cha mafuta cha mtaani kwako. Lori haliondoki katika maisha yetu, na kwa hiyo swali la breki haliondoki.

Basi nini kifanyike? Sitaandika mpango mkakati, maana kabati za serikali zimejaa. Nitasema mambo matatu ambayo mtumishi wa umma anayesoma hapa anaweza kuyapeleka kwenye kikao chake.

Kwanza, pale palipo na mizani, pawe na kipimo cha breki, kwa kuanzia hata mizani moja iliyo kabla ya kila mteremko mkubwa. Juu na chini ya Kitonga na ya miteremko ya Mbeya, patengwe maeneo ya lazima ya kusimama na kupooza breki, na muda huo uandikwe katika ratiba ya safari, ili simu ya ofisini isiwe na haki ya kulia.

Pili, wajibu upande ngazi kama fedha zinavyopanda. Australia, katika sheria yake ya magari mazito iliyoanza kutumika mwaka 2014 katika majimbo yake mengi, iliweka mnyororo wa wajibu: anayepanga ratiba, anayepakia, anayetuma mzigo na anayeajiri, wote wanaweza kushtakiwa kwa sehemu waliyoichangia. Tukifanya hivyo, mwenye mzigo atakayeagiza gari lifike Alhamisi atalazimika kuuliza kama kufika Alhamisi kunawezekana kwa mwendo halali na gari zima. Leo haulizi, kwa sababu jibu halimhusu.

Tatu, anayekataa kusaini aandikwe. Kila gari lililokataliwa na mkaguzi wa kampuni liingie kwenye daftari la mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, na lisiruhusiwe barabarani hadi itajwe kazi iliyofanyika kulitengeneza na jina la fundi aliyeifanya. Kukataa kwa kijana wangu kulikufa kwa sababu kulibaki kati yake na meneja. Kungekuwa na daftari lenye macho ya nje, yule aliyesaini baada yake angefikiri mara mbili kabla ya kuchukua kalamu.

Kwa wanaharakati, nawaomba msisubiri mazishi. Mjadala wa usalama wa malori kwetu huwaka kwa wiki moja baada ya msiba, na hufa pamoja na arobaini. Kaombeni kuona mikataba. Kaulizeni kampuni kubwa zinazotangaza sera zao za usalama kwenye mabango: katika mwaka uliopita, ni magari mangapi mliyazuia kuondoka? Kampuni itakayojibu kwamba haikuzuia hata moja, katika barabara kama hizi na kwa magari kama haya tunayoyaona, haitakuwa imetuthibitishia usalama wake. Itakuwa imetuonyesha kwamba fomu zake nazo zimetolewa nakala.

Na kwa wanafunzi, ambao baadhi yenu mtakuwa maafisa usalama, wakaguzi, mawakili na makatibu wa vikao: iko siku mtawekewa karatasi mbele iliyokwisha kujazwa, yenye nafasi mbili za wazi. Chuo hakiwezi kuwaahidi kwamba mkikataa mtabaki na kazi. Ndiyo maana sitaki tuishie kuhimizana ushujaa. Nataka tuandike sheria ambayo mtu wa kawaida, mwenye kodi ya nyumba na mdogo wake wa kusomesha, anaweza kukataa akiwa chini yake na bado akala chakula cha jioni.